Kurasa Arobaini za Mzee Badru

Ujumbe wa Nasim ulinikuta chini ya meza, natafuta waya wa printa uliochomoka. Simu ilikuwa juu, karibu na mteja wangu, mwalimu mmoja wa hapa Zinga aliyekuja kutoa nakala za mitihani. Akaniambia, "Dada, simu yako imelia." Nikamwambia aisome tu, mimi mikono imejaa vumbi. Akaichukua, akasoma kwa sauti ya darasani: "Tumu, mama ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya adhuhuri. Nasim." Nikabaki hukohuko chini, nimeushika waya. Mwalimu akainama, akanitazama. "Pole sana. Ni nani yako?" Nikatafuta neno nikalikosa. Si mama, si shangazi, si bosi. "Nilikaa kwake mwaka mmoja," nikasema, na hata masikioni mwangu ikawa ndogo mno, kama mtu anayetaja kituo alichoshuka siku moja akanywa soda.

Mwaka wenyewe ni ule niliotimiza miaka kumi na tisa. Habari za kwetu nitaziruka, maana hazina jipya; itoshe kusema matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kukunja na kutia mfukoni. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo. Kubwa kuliko zote ilikuwa kutangaza redioni. Nikiwa nafua nilisoma taarifa ya habari, nikiwa natwanga nilitangaza mpira, na nilishajichagulia hata salamu yangu ya kufungulia kipindi. Mtu akaniambia watangazaji siku hizi lazima wajue kompyuta, ndipo nikaenda Bagamoyo kusoma kozi kwenye duka moja la steshenari lenye chumba cha nyuma. Darasani tulikuwa tisa. Wenzangu wanane walikuwa wanajuana tangu utotoni, wakakaa wawiliwawili kwenye kila kompyuta, na mimi wa tisa nikapata mashine ya peke yangu. Wote wakasema nina bahati. Kwa wiki nzima mtu pekee aliyenisemesha mle ndani alikuwa mwalimu, tena alikuwa akiniuliza kama nimezima feni.

Nasim nilimjua kupitia mwenye steshenari. Alikuwa anafanya kazi Dar, na mama yake, Bi Gulbanu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Gulu na mimi nikaja kumwita Bibi, alikuwa amebaki peke yake katika nyumba kubwa ya zamani baada ya mumewe, Mzee Badru, kufariki. Walitaka msichana wa kulala naye nyumba moja, kumsaidia sokoni na ngazi. Nikachukua sanduku langu la bati, nikaenda. Nilimwambia shikamoo nikiwa bado nje ya mlango. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia miguuni, akauliza, "Unakula pilipili?" Nikasema nakula. "Basi ingia."

Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinane, na sisi tuliishi katika vitatu. Chini mbele kulikuwa na duka lililofungwa. Mzee Badru alikuwa akiuza vifaa vya mafundi nguo: nyuzi, vifungo, zipu, chaki, sindano. Nyuzi zilishachukuliwa na ndugu, lakini kabati moja la kioo lilibaki limejaa chupa ndogo za mafuta ya cherehani, zile zenye mdomo mrefu mwembamba. Chumvi ya bahari kule inakula kila kitu, kwa hiyo Bibi alikuwa na siku yake ya mafuta, Jumamosi asubuhi. Ananikabidhi chupa, nami nazunguka nyumba nzima: bawaba za madirisha, makufuli, feni, komeo la choo, pulei ya kisima, hata mkasi wa jikoni. Matone mawili kila mahali. Yeye anakaa sebuleni anasikiliza. "Bado dirisha la ghorofani linalia! Rudi!" Nyumba ilinukia mafuta hadi Jumapili, na mpaka leo nikipita kwa fundi cherehani nasimama kidogo pale mlangoni, fundi anadhani nina kitambaa.

Ghorofani, kwenye chumba cha upande wa mtaani, kulikuwa na kompyuta ya mzee. Ilikuwa nyeupe zamani, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bibi aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kwa sababu dari la chokaa lilikuwa linapukutika unga mweupe mchana na usiku. Kiti cha mzee hakikaliwi. Bibi alivuta stuli kando yake. Katika kompyuta ile mlikuwa na faili moja tu la maana. Mzee Badru baada ya kuzeeka aliacha duka, akakaa miaka anaandika maisha yake kwa Kiswahili. Alikuwa akisema Kigujarati amesahau kukiandika, na Kiingereza hakina maneno ya Bagamoyo. Hakuwahi kumwonyesha mkewe. Alipofariki, kurasa zilikuwa zimepita mia tatu.

Kila siku baada ya swala ya alasiri Bibi alipanda ngazi, akatoa kitambaa, akakaa kwenye stuli, akaweka kidole kimoja juu ya gurudumu la mausi. Raba ya gurudumu lile ilikuwa imelika upande mmoja kwa kidole cha mumewe. Alikuwa analizungusha polepole, mstari kwa mstari, midomo inacheza. Kurasa mbili kwa siku, wakati mwingine moja. Kisha anashuka jikoni ananihadithia huku tunapika. "Leo kaandika siku aliyonunua viatu vidogo kwa mguu wake kwa sababu ya aibu ya kumwambia muuzaji. Mwongo! Aliniambia viatu vilisinyaa kwa mvua." Tukipakua kichri, ule wali uliopikwa na choroko, na mchuzi wa samaki mkavu, achari ya embe pembeni, anatafuna kidogo, halafu anacheka peke yake, "Vilisinyaa!" Nami nacheka. Sijawahi kumwona Mzee Badru, lakini kufikia katikati ya mwaka nilijua anavyokohoa.

Mimi nilifanya mazoezi ya kuchapa kwenye kibodi ileile asubuhi, kabla ya darasa. Bibi akiwa chini anachambua mchele, sauti yake inapanda ngazi: "Tumu! Kidole chako cha mwisho kinalala!" Nikitazama, kweli, kimelala. Nilidhani ni masikio tu. Nilidhani mtu akiishi muda mrefu katika nyumba yenye kimya kingi anaanza kusikia hata vidole.

Naweza kusema nilikuwa na furaha, na ilikuwa furaha ya kweli, lakini ilikuwa na vyumba vitano vilivyofungwa kuizunguka. Alasiri nikitoka darasani wenzangu walikwenda pamoja kula chipsi, nami nikasema nawahi nyumbani, kana kwamba kuna aliyenialika nikakataa. Nilikuwa nikitembea barabarani najitangaza kimoyomoyo: na sasa Mwantumu anapita kwenye duka la mikate, wasikilizaji, anapita, hakuna anayemwita. Nikifika nikausukuma mlango mzito, sauti inatoka jikoni, "Nani?" Alijua ni mimi, hakuna mwingine aliyekuwa akija. Lakini aliuliza kila siku, nami kila siku nikajibu, "Ni mimi, Bibi." Ukiwa na miaka kumi na tisa, kuwa na mtu wa kumjibu hivyo ni jambo kubwa. Nililijua baadaye.

Alhamisi Nasim alikuwa anapiga simu. Bibi aliweka sauti kubwa kwa sababu hakuiamini simu kumfikia sikioni. Walizungumza Kikachi, lugha yao ya nyumbani, lakini maneno yenye uzito waliyasema kwa Kiswahili. Alhamisi moja niko kwenye ngazi na ndoo nikasikia.

"Mama, nyumba imepata mnunuzi. Hawezi kusubiri milele."

"Na mimi nilikwambia nitakuja. Nikimaliza kusoma ya baba yako nakuja. Siwezi kuondoka mtu yuko katikati ya maneno."

"Zimebaki kurasa ngapi?"

"Arobaini."

Nikaweka ndoo chini. Hesabu haikuwa rafiki yangu shuleni, lakini hiyo niliifanya palepale: mbili kwa siku, siku ishirini. Siku ishirini, kisha Bibi aende Dar, mlango ufungwe, nami nirudi Zinga kujitangazia habari zangu kwenye karo la kufulia. Nikapanda na ndoo, maji yakanimwagikia miguuni.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mafuta. Naapa sikukusudia. Nilifika chumba cha kompyuta na chupa yangu, nikapaka bawaba, nikapaka feni ya mezani. Nikakumbuka kwamba siku mbili tatu hizo gurudumu la mausi lilikuwa linalia, kijisauti chembamba kama cha kifaranga. Katika nyumba ile kitu kikilia kinapewa mafuta. Nikaweka mdomo wa chupa pembeni mwa gurudumu. Matone mawili. Nikalizungusha, likanyamaza. Nikajisifu.

Alasiri Bibi akaniita. Mshale ulikuwa unatembea kwenye kioo vizuri, kubofya kunabofya, gurudumu linazunguka laini kabisa bila hata mlio, na ukurasa umesimama kama umepigiliwa misumari. Wakati mwingine ulishtuka, ukapanda juu mistari mitatu, ukatulia tena. "Hataki," Bibi alisema. Sikujua anamsema nani. Nikafanya yote tuliyofundishwa darasani. Nikazima kompyuta, nikahesabu hadi kumi, nikawasha. Nikachomoa waya wa mausi, nikahamishia tundu lingine. Nikaigeuza, nikapuliza tumbo lake, nikafuta taa yake nyekundu kwa upindo wa kanga. Ukurasa haukushuka. Nikasema, "Bibi, naweza kuazima nyingine pale darasani, ya siku mbili tatu."

"Acha mali za watu," akasema. "Tusubiri hii yetu. Haraka ya nini?"

Kulikuwa na fundi simu mmoja karibu na soko, akiitwa Shomari, kibanda chake kama kabati la nguo lililosimamishwa barabarani. Jumatatu nikampelekea.

"Haishuki," nikamwambia.

"Haishuki wapi, dada'angu? Ghorofani?"

"Ukurasa haushuki. Gurudumu linazunguka, ukurasa umesimama."

"Imeanguka?"

"Hapana."

"Imekunywa chai?"

"Hapana."

"Umeipa nini?" Nikaanza kukunja pindo la kanga. "Dada, mimi si polisi. Umeipa nini?"

"Mafuta ya cherehani. Matone mawili."

Akaweka bisibisi chini, akamwita mama aliyekuwa akiuza soksi jirani. "Mama Rehema! Njoo uone mausi imefanyiwa sevisi kama skuta!" Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, kwa kuwa tangu nifike mjini sikuwa nimechekwa na mtu kwa ukaribu namna ile. Alipoifungua akanionyesha. Gurudumu lilikuwa na matundu madogo pembeni kama tairi la baiskeli, upande mmoja kuna kitaa, upande wa pili kuna kijicho. Gurudumu likizunguka, kijicho kinahesabu mwanga unaokatika kwenye matundu, ndivyo kompyuta inavyojua ishuke kiasi gani. "Sasa angalia." Mafuta yangu yalikuwa yamekutana na unga wa chokaa wa dari la Bibi, yakawa uji mzito uliojaza kila tundu. "Umetengeneza saruji humu. Kijicho hakioni kitu." Akasafisha kwa pamba na spiriti, akasugua kwa mswaki wa zamani, akapuliza, akafunga. Haikufika robo saa. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, ukurasa ukashuka, ukashuka, ukashuka. "Hii haili mafuta," akaniambia. "Mwambie na mwenyewe."

Nilitoka pale nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nilitembea haraka hadi kona ya duka la mikate, hapo miguu ikapunguza. Nilisimama mahali pasipo na sababu ya kusimama. Nilihesabu tena: kurasa karibu arobaini, siku karibu ishirini. Nilipoingia, sauti ikatoka jikoni, "Nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Fundi amesemaje?"

"Amesema kuna kifaa kinatoka Dar. Tusubiri."

Kijiko kikagonga sufuria mara mbili tatu. "Aa. Kinatoka Dar," akasema Bibi. "Basi tusubiri." Nikapanda, nikaficha mausi kwenye sanduku la bati, chini ya sketi yangu ya shule.

Dhambi yenyewe ilikuwa na pacha wake, naye nitamtaja. Kwenye kibodi, upande wa kulia, kuna vishale vinne. Ukibonyeza kile kinachotazama chini, ukurasa unashuka bila mausi. Tulifundishwa siku ya kwanza. Bibi angeweza kumaliza kurasa zake zote arobaini kwa kidole kimoja, na mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye vishale vile kila asubuhi. Sikumwambia. Nilijisemea kwamba yeye ni mzee, vidole vyake vimekakamaa, vishale vitamchanganya. Mtu akitaka kujidanganya huwa anamhurumia kwanza mwenzake.

Siku kumi na tisa. Nikisema zilikuwa nzuri kuliko zote za mwaka ule nitakuwa sijasema uongo. Alasiri yake ikawa wazi, akanipa mimi. Alinifundisha kukunja kachori, akazitupa zangu tano za kwanza kwa kuku wa jirani: "Wale hawana macho." Alinihadithia jinsi Mzee Badru alivyomposa kwa kumpelekea mama yake zipu kumi na mbili za rangi tofauti. Tulivuta droo za duka, tukakuta zimetandikwa magazeti ya miaka na miaka iliyopita, nikayasoma kwa sauti ya redio, nimekaa wima, nimeshika mwiko kama maikrofoni. Habari zilizokwishapoa nikazisoma kana kwamba zimetokea asubuhi. Mvua imebomoa daraja. "Maskini! Watu wamevukaje?" Bibi anashika shavu. Tunacheka. Kisha anauliza, kila siku mara moja, wakati wa chai, bila kunitazama, "Na yule fundi wako?" Nami, "Bado, Bibi." Na yeye, "Haya." Nikiwa peke yangu chumbani nililitazama sanduku, nikaona kama linanitazama.

Siku ya ishirini alipika chai yeye. Makopo ya jikoni hayakuwahi kubadilishwa mahali: sukari kushoto, chumvi kulia. Nikanywa funda moja, nikalishika mdomoni. Chumvi. Nikalimeza. Yeye akanywa lake, akaweka kikombe, akakaa ameyatazama makopo.

"Nilijua tu itafika," akasema.

"Nini, Bibi?"

"Mtoto wa jicho. Yote mawili. Daktari alisema mwaka jana, nikamwambia aache, naogopa kisu." Akanigeukia. Alinitazama kidogo pembeni, si usoni. "Asubuhi naiona sura yako, Tumu. Ikifika jioni naona kanga yako tu."

Niliwaza kurasa arobaini. Niliwaza kwamba kila alasiri niliyojichukulia mimi, ukungu ulikuwa unasogea, na kwamba nimemwibia mtu maneno ya mumewe kwa ajili ya kachori. Nikapanda ngazi mbilimbili, nikafungua sanduku, nikaichomeka mausi, nikashuka na jasho.

"Bibi, kifaa kimekuja. Kutoka Dar."

"Sasa hivi?" Akatega sikio upande wa mtaani. "Kimekuja na gari gani mbona sijaisikia?"

"Kimekuja tu, Bibi."

"Haya," akasema, akainuka kwa kushika meza. "Alhamdulillahi."

Alasiri ile akakaa kwenye stuli, akaweka kidole, akazungusha, ukurasa ukashuka. Alisogeza uso hadi karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena. Herufi zilikuwa hazimjii. Nilikuwa nimesimama mlangoni, naona mgongo wake. Akasema, "Wewe si mtangazaji? Njoo utangaze." Akanionyesha kiti cha mzee. Nikasema, Bibi, hiki hakikaliwi. "Kinakaliwa na anayesoma," akasema. Nikakaa. Tukafanya kazi hivyo kwa karibu mwezi mzima: mimi nasoma, yeye kidole chake juu ya raba iliyolika, anateremsha mstari mmoja mmoja. Mwanzoni nilisoma kwa sauti ya redio. Siku ya tatu nikaiacha, nikasoma kwa sauti yangu. Mzee aliandika mambo madogo: paka aliyezalia kwenye droo ya vifungo, fundi nguo aliyelia dukani na sababu hakuisema, jinsi Gulu anavyolala ameshika funguo. Mara nyingine nilisimama kwa sababu koo lilikuwa limekauka, naye akadhani nimesimama kwa heshima, akanishika kiganja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa nusu tu. Nakumbuka yote: "Leo mvua imenyesha tangu asubuhi. Gulu amenikasirikia kwa ajili ya kandambili. Sababu nitaieleza kesho, sasa ananiita kula."

Nikangoja ateremshe. Kidole chake kilikuwa kinazunguka. Gurudumu linazunguka, kioo kimesimama. Nikaishika mausi, nikaigeuza, nikapuliza taa yake, nikafuata waya hadi nyuma ya mashine. Nikairudisha. Akazungusha tena. Kioo kimesimama.

"Imeharibika tena?" akauliza.

Hapo ndipo nikaelewa. "Hapana, Bibi. Imekwisha."

Akaendelea kuzungusha kidogo, taratibu, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyekwishalala. Kisha akasema, "Kandambili zipi?" Akaanza kucheka. "Zipi, Tumu? Mimi sikumbuki. Wallahi sikumbuki hata kidogo!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakurudi. Tulikaa pale hadi adhana ya magharibi, kioo kikazima chenyewe, tukabaki tunaonekana ndani yake, yeye kwenye stuli na mimi kwenye kiti cha mume wake.

Nasim alikuja na gari Jumamosi. Ilikuwa siku ya mafuta, lakini hakuna aliyeitaja. Bibi alipokwishakaa mbele na mkoba wake mapajani, aliniita dirishani, akanipa chupa moja ya mafuta ya cherehani. "Ya nyumbani kwako," akasema. "Ila kompyuta usiipake." Sikuwahi kumwambia habari ya matone yale. Sikumwambia wala siku ile, wala baadaye, wala Shomari hakumjua. Gari likaondoka, nikasimama na sanduku langu, kisha nikapanda gari, nikawaza njia nzima hadi Zinga.

Redioni sikufika. Nina steshenari yangu, kompyuta mbili na printa yenye tabia mbaya, na watoto wakija kuchapa barua nawasomea kwa sauti kabla ya kutoa, bure. Bibi nilimpigia kila Iddi. Halafu Iddi moja ikanipita, nikaona aibu kupiga baada yake, na aibu hiyo ikaongezeka uzito kila mwaka hadi sikuweza kuinyanyua. Ndiyo sababu nilibaki chini ya meza siku ile.

Nilikwenda Dar siku ya pili ya msiba. Nasim amekuwa na mvi. Alinikalisha chumba cha mama yake, mbele ya boksi la vitu vyake: miwani, tasbihi, funguo za nyumba isiyokuwa yao tena, na mausi ile, waya wake umezungushwa vizuri ukafungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani. "Alisema hii ni yako," Nasim akasema. "Sikumwelewa. Yeye mwenyewe hakuwa akiitumia. Huku alipofanyiwa upasuaji wa macho akaona kama msichana, akalisoma lile faili la baba sijui mara ngapi, kwa vishale tu. Tap, tap, tap."

"Vishale vya kibodi?"

"Tangu lini mama akatumia mausi? Hukujua? Kabla ya duka alikuwa taipisti, kampuni ya mkonge, miaka kumi na minane. Alikuwa anachapa huku anatazama dirishani. Baba kompyuta amefundishwa na yeye. Mausi alisema ni ya baba, ya watu wenye nafasi."

Niliishika mkononi. Nikaweka kidole mahali pale palipolika. Jikoni wanawake wa msibani walikuwa wanabishana juu ya chai, nani ameweka sukari na nani hajaweka. Niliona makopo mawili, kushoto na kulia. Nilisikia sauti ikipanda ngazi: kidole chako cha mwisho kinalala. Nikamsikia akisema haraka ya nini, na kinatoka Dar, na haya, kila siku haya, kwa siku kumi na tisa, akinywa chai, na ghorofani kuna kibodi yenye vishale ambavyo alivijua kabla yangu.

"Unalia," Nasim akasema.

"Na mimi nilivijua," nikamwambia. "Vile vishale."

Hakuelewa, akanishika bega, akaniuliza kama nimekula.